Ndogo Tupa

Jumamosi asubuhi Fundi Mizani alifunga mlango wa kibanda chake kwa ndani, jambo ambalo hakulifanya hata siku wakaguzi walipomjia na mabegi yao, akatoa mfukoni dadu nne nyeupe na kuzipanga juu ya kitambaa cheusi. Alikuwa amezichukua juzi kwenye kabati la mpwa wake bila kuaga. Angezirudisha saa tisa alasiri, wala hakuna ambaye angejua. Lakini kuiba ni kuiba, na angekuwa mtu mwingine, yeye mwenyewe ndiye angekuwa wa kwanza kumwambia hivyo.

Kazi yake ilikuwa kutengeneza mizani. Za wauza nyama, za wauza nafaka, za masonara, na zile za zahanati ambazo watoto wachanga hulazwa juu yake wakilia. Miaka ishirini na sita alikuwa akifungua mizani za watu, akisugua kutu na kunyoosha sindano zilizopinda, na kitu alichokichukia kuliko vyote, kuliko vumbi na kuliko redio ya jirani, ni gumba. Kwa watu wa kazi yake, kuweka gumba ni pale muuzaji anapokisahau kidole chake pembeni mwa sahani ili nusu kilo isome zaidi. Fundi alijivunia kwamba hakuna gumba lililowahi kumpita. Mwenye gumba, alipenda kusema, ana dalili moja: husita. Kabla ya kutaja uzito hunyamaza kidogo kama mtu anayesikiliza mlangoni, kisha hutaja namba haraka haraka na kutazama kwingine.

Aliweka dadu ya kwanza kwenye mizani ya sonara. Akaandika uzito. Ya pili, ya tatu, ya nne. Zote sawa, hata kwa sehemu ya kumi ya gramu. Akachukua glasi ya maji, akatia chumvi mpaka dadu zikaelea, akazigonga kwa kidole moja moja, mara thelathini kila moja, akiandika upande uliokuja juu. Dadu iliyochezewa hujileta juu kwa upande ule ule. Hizi zilileta kila upande, sita na moja na nne na mbili, bila upendeleo wowote.

Zilikuwa dadu halali. Fundi alizitazama kwa chuki. Zingekuwa na hila, angejua la kufanya. Sasa alibaki na mtuhumiwa mmoja tu, nao ulikuwa mkono wake mwenyewe.

Mchezo wa dadu hizo dada yake ndiye aliyeuleta, miaka kumi na moja iliyopita, ndani ya kitabu chakavu cha kigeni alichokiokota kwa wauza vitabu vya mitumba. Watu hukaa mezani, kila mmoja na shujaa wake wa kubuni. Mmoja huwa mwongozaji: ndiye anayesimulia mapango, madaraja na majitu, na ndiye anayerusha dadu za adui nyuma ya jalada la kadibodi, wengine wasizione. Shujaa akipiga, dadu huamua kama amepata au amekosa. Lakini kabla ya yote hayo shujaa lazima azaliwe, yaani apewe namba sita kwa dadu: Nguvu, Wepesi, Pumzi, Akili, Busara na Mvuto. Kumi na nane ni jabali. Tatu ni mtu ambaye upepo ukivuma anatafutwa.

Dada ndiye aliyeuandika mchezo kwa Kiswahili, na aliuandika kwa namna yake. Ujana wake wote alikaa kwenye dirisha la simu za maandishi, yaani telegramu, pale posta, ambako kila neno lililozidi lilimgharimu mteja, na tabia ya kukata maneno ikamganda. Hata karatasi alizoacha jikoni zilisomeka "Chumvi isha. Leta." Kanuni ya kuzaa shujaa, ambayo kwenye kitabu ilijaza ukurasa mzima, Dada aliibana kwenye kadi moja:

"Tupa dadu nne. Ndogo tupa. Jumlisha tatu. Mara sita."

Akaongeza na desturi yake, ambayo haikuwemo kitabuni. Kuzaa ni kuzaa, alisema, na uzazini haingii mtu. Anayezaa shujaa aliingia chumbani kwa Dada, mlango ukafungwa, yeye Dada akakaa kitandani kama mkunga na kuandika. Wengine walisubiri sebuleni na chai, wakitaniana kama atakuja wa kike au wa kiume. Kwa miaka kumi hakuna aliyemwona mwenzake akizaa.

Mwaka uliopita Dada aliugua miezi mitatu akafariki. Mchezo haukufa. Binti yake, yule mpwa wa Fundi, ambaye siku za kazi hupima macho kwenye duka la miwani, alikalia kiti cha mwongozaji na kuandika visa vyake mwenyewe kwenye daftari jipya. La mama yake lilikaa kabatini. Jambo moja tu lilimshinda: kukaa kwenye kitanda kile kama mkunga. Basi kila mtu aliingia peke yake na kadi, dadu na karatasi, akatoka na namba zake, akaaminiwa.

Na tangu hapo mashujaa wa Fundi walikuwa wakifa kama inzi. Wa kwanza aliteleza kisimani. Wa pili alipigwa na mlango. Wa tatu, mganga aliyempenda sana, alitafunwa na panya, panya wa kawaida. Wa nne alikufa Jumamosi iliyopita hata kabla kisa hakijaanza vizuri, kwa ngazi. Miaka kumi ya Dada alikuwa amepoteza shujaa mmoja tu, na huyo alikufa kwa heshima! Huyo alikuwa Kijiti, mrusha mishale mwembamba mwenye Nguvu saba, aliyeangusha Jitu la Darajani peke yake wengine wakiwa wamelala chini hoi. Kisa hicho wateja wake wote walikijua. Alikisimulia huku anafunga skrubu.

Sasa alikuwa amekata shauri. Leo angezaa shujaa wa tano. Akitoka dhaifu tena, basi, mwisho. Angeaga kwa adabu na Jumamosi zake angezitumia kulala.

Saa tisa alizirudisha dadu kabatini mpwa wake akiwa jikoni. Sebule ilikuwa ile ile: meza ya duara yenye mguu mmoja uliotiwa kipande cha karatasi, kiti cha Dada chenye mto wa bluu, saa ya ukutani inayochelewa dakika nane ambayo Fundi alikatazwa kuigusa. Shemeji, yaani mume wa marehemu, mwalimu wa lugha aliyestaafu lakini hakuacha kusahihisha watu, alikuwa akichonga penseli. Kinyozi, jirani aliyejiunga miezi minane iliyopita, alikuwa tayari kwenye biskuti ya tatu.

"Mzee wa Ngazi!" Kinyozi alimpokea. "Leo tukununulie kofia ngumu?"

"Leo tuone," Fundi alisema. Hakucheka.

"Wote wawili mnazaa leo," mpwa alisema akiweka dadu mezani. "Kinyozi, shujaa wako alibaki kule motoni. Mjomba, wewe ni mkubwa, tangulia."

Fundi aliingia chumbani, akafunga mlango. Kitanda kilikuwa kimetandikwa vile vile. Alikaa ukingoni, akaegemeza kadi kwenye taa, akapumua, akatupa dadu nne juu ya kijimeza. Tatu, mbili, mbili, moja. Akaondoa moja. Saba. Nguvu, saba.

Kwenye Wepesi alipata kumi. Kwenye Pumzi zikaja nne, moja, moja, moja, na hapo hata kuondoa ndogo kulikuwa ni kejeli. Sita. Tisa kwenye Akili, kumi na moja kwenye Busara, nane kwenye Mvuto. Huyu hakuwa shujaa. Huyu alikuwa mgonjwa wa nje. Fundi alihisi joto likimpanda masikioni. Kwa sekunde chache kalamu ilikaa juu ya ile sita, na alijua jinsi ilivyo rahisi kuifanya kumi na sita. Kijistari kimoja tu. Hakukiweka. Aliuchukia huo uaminifu wake, lakini hakukiweka.

Alitoka, akaweka karatasi mezani uso chini, akakaa. Kinyozi akaingia na kutoka baada ya dakika tano akiimba.

"Dume!" alisema akiibamiza karatasi. "Kumi na tano, kumi na sita, kumi na nne, kumi na saba, kumi na tatu, kumi na sita. Huyu akipiga chafya, pango linabomoka."

Mpwa aligeuza karatasi ya mjomba wake, akaisoma kimya, kisha akasema kwa upole, "Tutamtafutia kazi, Mjomba. Pengine awe mpishi."

Huo upole ndio uliommaliza.

"Hizo namba umezitoa wapi?" Fundi alimuuliza Kinyozi.

"Kwenye dadu, kaka yangu. Zangu hazina kinyongo na mimi."

"Nakuuliza kwa heshima. Dadu hizo nimezipima. Leo asubuhi, kwenye mizani ya dhahabu. Halali kabisa. Sasa dadu halali haziwezi kumpa mtu mmoja namba hizi zote na mwingine zile. Si mara moja, mwaka mzima."

"Umezipima?" mpwa alisema. "Umezitoa wapi?"

"Hilo baadaye. Shemeji naye shujaa wake hana namba chini ya kumi na mbili. Kinyozi ndiyo huyu. Mimi peke yangu ndiye mwenye nuksi? Humu ndani watu wanaingia wenyewe na kutoka na wanachotaka, na mimi najua mizani iliyochezewa ninapoiona."

Shemeji aliweka penseli chini. "Unasema nyumba hii ina wezi?"

"Nasema ninachokiona."

"Katika nyumba ya dada yako. Unaniita mwizi mezani kwake."

"Basi kama hakuna wizi, nina mkosi, na mwenye mkosi hana haja ya kukaa hapa kuwa kichekesho." Fundi alisimama. Alikuwa amepanga kuaga kwa adabu, na sasa adabu ilikuwa imekwisha zamani. "Hii ndiyo Jumamosi yangu ya mwisho. Msiniwekee kiti."

Kisha mpwa wake, ambaye hakuwahi kumpandishia sauti tangu akiwa mtoto, alisimama naye.

"Mama kaondoka kwa sababu aliugua," alisema. "Wewe unaondoka kwa sababu ya dadu? Nimeshika kiti hiki mwaka mzima, sikitaki, nakishika kwa sababu Jumamosi ndiyo siku pekee mnayokaa pamoja. Ukitoka, Baba atabaki na saa ya ukutani. Kaa chini, Mjomba."

Alikaa. Hakutaka, lakini magoti yalimtii mpwa wake kuliko yeye.

"Leo tunavunja desturi," mpwa alisema. "Kinyozi, zaa hapa hapa. Mbele ya wote."

"Mbele ya baba yako?" Kinyozi alijaribu utani, akaona haukupokelewa, akachukua dadu. Alitupa nne. Tano, tatu, mbili, moja. Fundi aliinama mbele kuona. Kinyozi akaokota ile mbili na ile moja, akazitikisa, akazitupa tena. Nne na mbili. Akaokota mbili, akaitupa tena. Sita.

"Haya," Kinyozi alisema. "Sita, tano na nne. Kumi na tano."

"Unafanya nini?" Fundi alisema.

"Nazaa."

"Hiyo ya kuokota! Hiyo ya kurudia!"

"Si kanuni? Ndogo tupa. Nimetupa."

"Hapo umekosea," Shemeji alisema, na Fundi akamgeukia kwa shukrani ambayo haikudumu. "Si ndogo zote. Ni ile moja, ndogo kuliko zote. Hiyo ndiyo unayoitupa tena, mara moja tu."

"Unaitupa tena?"

"Ndiyo. Wewe unafanyaje?"

"Naitupa!" Fundi alisema. "Naiweka pembeni. Naitoa. Naachana nayo!"

Walitazamana watu wanne kuzunguka meza ya duara. Kinyozi ndiye aliyeanza kucheka, akajizuia kwa biskuti.

"Tupa ni kitenzi," Shemeji alisema, na sauti yake ikageuka ile ya darasani. "Sentensi ya kwanza inasema tupa dadu nne, maana yake zirushe. Neno hilo hilo linarudi kwenye sentensi ya pili. Huwezi kubadilisha maana ya kitenzi katikati ya kanuni."

"Takataka za nyumba hii unazifanyaje?"

"Nazitupa."

"Ukishazitupa, unaziokota ukarudia?"

Shemeji aliiokota penseli yake, akaendelea kuichonga.

"Na mimi mnionee huruma," Kinyozi alisema. "Dadu ni dadu. Moja dadu, kumi dadu. Imeandikwa ndogo, ningejuaje ni moja au ni ukoo mzima?"

Waliiweka kadi katikati ya meza na kuisoma kama hati ya nyumba. Maneno tisa. Kila mmoja alikuwa na haki na hakuna aliyekuwa na hakika. Fundi alihesabu kichwani: miaka kumi na moja, mashujaa sita, namba thelathini na sita, kila moja akiitupa dadu jalalani huku wenzake wanaipa nafasi ya pili. Hakuwa na nuksi. Alikuwa amebeba mzigo ambao hakuna aliyemtwisha. Angefurahi, lakini alichokisikia ni hasira tu, safi kabisa, na hakujua pa kuipeleka.

"Yeye alijua," alisema. "Alikaa kitandani pale akaniona. Alituona sote wawili, mimi na Shemeji. Kwa nini hakusema?"

Mpwa alisimama. Kisha akaenda kwenye kabati, akarudi na daftari la jalada jekundu lililofungwa kwa mpira wa nywele. Halikuwa limefunguliwa tangu msiba. Kwanza kwa sababu daftari la mwongozaji ni siri yake. Pili, na hili kila mtu alilijua bila kuambiwa, kwa sababu ya ule mwandiko.

"Baba?" aliuliza.

Shemeji alitikisa kichwa kukubali, akaivua miwani.

Mpwa alifungua ukurasa wa kwanza. Akasoma:

"Kaka. Shujaa wa kwanza. Ndogo kaondoa. Nilitaka irudiwe. Kosa langu, maneno machache. Nikataka kusema. Akasema kanuni ni kanuni. Kafurahi. Nimeacha. Nitabeba."

"Nitabeba nini?" Kinyozi aliuliza kwa sauti ndogo.

Mpwa aligeuza kurasa. Zilikuwa ni orodha za mapambano, mstari kwa mstari, na Fundi, aliyezoea kusoma mizani akiwa upande wa mteja, alizisoma kichwa chini miguu juu kabla hazijatamkwa. Pango. Kaka. Gumba mbili. Kisima. Kaka. Gumba moja. Mbwa mwitu. Kaka. Gumba tatu. Ukurasa baada ya ukurasa, miaka baada ya miaka, dada yake alikuwa ameandika kwa mkono ulionyooka ni pointi ngapi alizozipunguza kwenye dadu za adui, nyuma ya lile jalada la kadibodi, ili kaka yake asife. Tena aliziandika kwa neno la kaka yake mwenyewe, lile ambalo yeye Fundi alilitema mezani hapa kila alipokuja na habari za wauza nyama.

Daraja. Jitu. Kaka. Gumba tano.

"Jitu langu," Fundi alisema.

Hakuna aliyemtazama.

"Lile jitu nililiua mimi. Nimewaambia watu! Nimemwambia mpaka mkaguzi!" Alipiga meza, kikombe kikaruka. "Aliniona napiga kelele, aliniona nasimama juu ya kiti hiki nashangilia, na kidole chake kilikuwa kwenye sahani. Tano! Hata muuza nyama haweki tano!"

Alikuwa analia, na hilo nalo lilimuudhi. Alikuwa amemlilia dada yake kwa utaratibu, siku za msiba, kama watu wote. Hakutarajia kumlilia tena kwa ugomvi. Angemkamata wapi sasa amwambie kwamba hakutaka kubebwa, kwamba angeambiwa mapema angerudia ile ndogo kama wengine na kuua jitu lake kihalali? Na angemjibu nini kama Dada naye angemuuliza mbona ulifurahi?

Mpwa alikuwa amefika ukurasa wa mwisho ulioandikwa. Aliusoma kimya, midomo ikichezacheza, kisha akafunga daftari na kulivalisha mpira wake. Lakini jicho la Fundi lilikuwa limeshaupitia ukurasa huo. Mwandiko pale ulikuwa umelegea, wa mtu aliyeandika amelala. "Binti. Mimi nikiondoka, Kaka abebwe."

Shemeji alisukuma dadu mpaka mbele ya Fundi. "Zaa upya," alisema. "Kwa kanuni aliyoitaka mwenyewe. Ndogo irudiwe."

"Huyu alishazaliwa," Fundi alisema. Alijifuta uso kwa kiganja, akaivuta karatasi yake yenye saba na sita na nane. "Nilimzaa kihalali. Nitacheza naye huyu huyu. Lakini sikilizeni, na hasa wewe, mwongozaji." Alimnyooshea mpwa wake kidole. "Asibebwe. Akianguka, aanguke. Nataka kujua uzito wangu mwenyewe, hata ukiwa mdogo. Sitaki gumba."

"Sawa, Mjomba."

"Niahidi."

"Nakuahidi. Hakuna gumba."

Kwa hiyo walianza. Shujaa wa Shemeji alitangulia na mwenge, dume la Kinyozi lilifuata likijisifu, na nyuma kabisa akaja yule mgonjwa wa nje, ambaye Kinyozi alipendekeza aitwe Daktari Kasema Nipumzike, na jina likapita kwa kura tatu dhidi ya moja. Handaki lilikuwa na maji. Fundi alikuwa bado na kinyongo. Alijibu kwa mkato, alinywa chai iliyopoa. Kisha kutoka kwenye giza akatokea nyoka wa urefu wa sebule, akapita kando ya wale wawili wenye misuli, kama wanavyofanya siku zote hao nyoka, na kumwendea wa mwisho.

"Anakuuma," mpwa alisema. "Una Pumzi sita. Akikupata, basi."

"Rusha."

Mpwa alirusha nyuma ya jalada. Dadu ziligonga kadibodi, zikabingirika, zikatulia. Fundi hakuweza kuziona. Alichokiona ni uso wa mpwa wake, ukitazama chini, na midomo iliyofanana na ya Dada mpaka inaudhi.

Mpwa alisita. Alinyamaza kidogo, kama mtu anayesikiliza mlangoni.

"Amekukosa," alisema haraka haraka, na akatazama saa ya ukutani.

Fundi alilijua gumba hilo. Angelijua hata akiwa usingizini. Mkono wake ulikuwa tayari njiani kwenda kulinyanyua lile jalada, na miaka ishirini na sita ya kazi ilikuwa nyuma ya mkono huo. Shemeji alimtazama. Kinyozi aliacha kutafuna.

Aliurudisha mkono, akachukua dadu zake.

"Haya," alisema kwa sauti iliyokwaruza. "Zamu yangu."